Nimetumia maswali ya NRICH darasani mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii kwa walimu wa hesabu na wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani, maana kila nikisema natumia maswali yasiyo na jibu moja naulizwa mambo yaleyale, unayatoa wapi, muda unaupata wapi, na mtihani je. Nimeona bora nikae niandike kwa urefu mara moja. Ninayoyatumia mengi yanatoka NRICH, mkusanyiko wa maswali ya hisabati ulioanzishwa 1996 na upo chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Ni bure kabisa, hawakuombi kadi ya benki, unafungua kwenye simu unasoma, ukitaka unaprinti, ukitaka unaandika ubaoni swali moja na hiyo ndo somo lako la siku.

Kwanza nieleze swali la wazi ni lipi maana hapa watu wengi tunachanganya. Ukimwambia mtoto mstatili una urefu 8 na upana 4 tafuta eneo, atasema 32, mmemaliza, na wewe hujajua kama anaelewa eneo ni nini au kazidisha tu namba mbili alizoziona. Ligeuze. Mwambie mstatili una mzingo wa 24, eneo lake linaweza kuwa ngapi? Sasa mmoja atakuja na 8 kwa 4 yenye 32, mwingine 10 kwa 2 yenye 20, mwingine 11 kwa 1 yenye 11, na hapo darasa linaanza kushangaa lenyewe, inakuwaje mzingo ni uleule halafu eneo linapanda na kushuka hivi? Wanaenda mpaka 6 kwa 6 wanapata 36 wanasema ndo kubwa kuliko zote. Halafu anatokea mtoto mmoja aliyenyamaza muda wote anauliza upana unaweza kuwa nusu? Ndiyo unaweza, 0.5 kwa 11.5, eneo 5.75, na sasa majibu hayahesabiki tena. Hilo swali hukulipanga wewe, kalileta yeye, na hapo umeshajua kwamba huyu haogopi desimali na anaelewa mzingo kuliko ulivyodhani.

Kabla ya NRICH nilinunua kisanduku cha kadi za maswali ya wazi, kampuni sitaitaja. Kadi nzuri, karatasi ngumu, rangi za kuvutia, ila ndani kulikuwa na tatizo ambalo sikuliona mpaka niko darasani. Kadi moja ilisema chora pembetatu yenye eneo la 12. Swali zuri sana. Ila ukiigeuza nyuma kuna jibu, pembetatu moja tu, kitako 6 kimo 4, basi. Binti mmoja alikuwa amechora ya kwake kitako 8 kimo 3, kaigeuza kadi, kaangalia, kachukua ufutio akaifuta yote. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye dawati lake na nilichelewa. Yake ilikuwa sahihi! 8 mara 3 ni 24, nusu yake 12. Lakini kadi ilimwambia kimyakimya kwamba amekosa, na ilinichukua wiki kadhaa huyo mtoto kunionyesha tena kitu bila kuuliza kwanza kama ni sawa. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye nyenzo yoyote inayojiita ya wazi ni upande wa majibu. Ukikuta jibu moja tu limekaa pale peke yake bila neno lingine, hiyo siyo ya wazi hata kama swali lenyewe ni la wazi.

NRICH hapo wamenifurahisha. Maswali mengi yana sehemu ya majibu yaliyotumwa na wanafunzi wenyewe, unakuta mmoja kafanya kwa mchoro, mwingine kwa jedwali, mwingine kaingiza aljebra, yote yamewekwa pamoja. Na kuna sehemu ya mwalimu inayokuambia kwa nini ulifanye swali hili, uanzeje, uulize nini watoto wakikwama, na yule aliyewahi kumaliza umpe nini. Hiyo ya mwisho peke yake inaokoa maisha kwenye darasa kubwa. Yale mengi ninayoyapenda wanayaelezea kama swali lenye kizingiti kifupi na dari refu, yaani kila mtu anaweza kuvuka mlango akaingia ndani, ila ukiwa ndani unaweza kurefuka kadri unavyotaka na kichwa hakigongi juu.

Nieleze swali moja kwa undani ili muone ninachomaanisha. Linaitwa Magic Vs. Unachora herufi V yenye visanduku vitano, viwili kila mkono na kimoja chini pale mikono inapokutana, halafu weka namba 1 mpaka 5 ili jumla ya kila mkono ilingane, kile cha chini kinahesabiwa pande zote mbili. Basi. Hakuna mtoto anayeshindwa kuanza, hata yule ambaye siku zote anachora chora nyuma ya daftari kaanza kujaza namba. Ndani ya dakika tano wameshapata moja, 1 chini, mkono huu 2 na 5, ule 3 na 4, kila mkono 8. Kisha wengine wakapata yenye 3 chini, kila mkono 9, na yenye 5 chini, kila mkono 10. Kelele zilikuwepo lakini zilikuwa kelele za kazi, mwalimu yeyote anaijua tofauti.

Sasa utamu ulianza hapa. Nikauliza mbona hakuna mwenye 2 chini wala 4? Wakajaribu, wakashindwa, wakagawanyika. Kundi moja likasema sheria ni namba ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Kundi lingine likasema hapana, sheria ni namba witiri. Kwa 1 mpaka 5 wote wako sawa! Wakabishana kweli. NRICH hapo wameshakuandalia kinachofuata, jaribu 2 mpaka 6. Wakajaribu, zikakubali 2, 4 na 6 tu chini. Kundi la witiri likanyamaza ghafla, kundi la kwanza likashangilia, wakaandika sheria yao ubaoni kwa chaki ya rangi. Mimi sikusema kitu. Nikawapa lingine lililopo palepale kwenye swali, V yenye mikono mirefu zaidi, namba 1 mpaka 7. Sheria yao inadai chini ikae 1, 4 au 7. Wakahangaika na 1 chini, haitaki. Wakaenda 7, haitaki. Ikakubali 4, na 2, na 6.

Kimya kilichofuata sitakisahau. Yule aliyekuwa kundi la witiri, tena siyo mtoto anayetajwa kwenye wale wa kwanza, akasema polepole, mwalimu tujumlishe zote kwanza. 1 mpaka 5 ni 15. Ukitoa cha chini zilizobaki lazima zigawanyike mara mbili sawasawa, kwa hiyo kilichobaki lazima kiwe shufwa, kwa hiyo cha chini lazima kiwe witiri. 2 mpaka 6 jumla 20, cha chini lazima kiwe shufwa. 1 mpaka 7 jumla 28, shufwa tena. Huo ni uthibitisho jamani, siyo kubahatisha, ni uthibitisho kamili kautoa mtoto kwa mdomo wake mwenyewe bila kuambiwa neno uthibitisho. Na kumbuka kwamba tulichofanya kipindi kizima ni kujumlisha namba ndogo ndogo, maana nina uhakika siku hiyo walijumlisha mara nyingi kuliko kwenye karatasi ya mazoezi yenye maswali thelathini, ila hakuna aliyelalamika kachoka.

Sasa nisiwadanganye, mara ya kwanza kabisa kutumia maswali haya sikupata kitu kama hicho. Niliwapa swali, wakafanya kwa furaha, wakapata majibu tofauti tofauti, kengele ikagonga, tukatoka. Nilidhani nimefundisha. Kesho yake nikauliza tulijifunza nini, wakasema tulijaza namba. Hapo ndo nikagundua kwamba swali la wazi lenyewe ni nusu tu ya kazi, nusu nyingine ni pale majibu yanaporudi mbele ya wote na mtu anayapanga. Nikaanza kusoma kuhusu walimu wa Japani maana wao hii kitu wameanza zamani, kulikuwa na utafiti kule kuanzia 1971 mpaka 1976 chini ya Shigeru Shimada, walikuwa wanatafuta namna ya kupima fikra za juu za mwanafunzi kwenye hisabati, wakaishia na somo zima linalojengwa juu ya swali lenye majibu sahihi mengi. Na wana neno la kile kipande cha mwisho cha kipindi, neriage, asili yake ni kukanda, yaani mawazo ya watoto yanachukuliwa yanakandwa pamoja mpaka yashikamane. Mwalimu wao hazunguki darasani kusahihisha wakati watoto wanafanya kazi, anazunguka kuangalia nani kafanya nini ili ajue amwite nani kwanza na nani mwisho.

Nikaanza kufanya hivohivo na mambo yakabadilika. Nazunguka na kikaratasi, naandika, huyu kachora, huyu kaorodhesha, huyu ana wazo geni, huyu ana kosa zuri. Ndiyo, kosa zuri, lile linalofundisha. Kisha namwita mwenye njia rahisi aanze ili kila mtu aelewe, halafu zile nyingine zinafuata, na mwenye wazo zito anakuja mwisho darasa likiwa tayari. Nikimuita huyo kwanza, wengine wanafunga madaftari, maana wanajua ya kwao hayana maana tena.

Kitu kingine kilichonigharimu ni haraka. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 aliwasikiliza walimu wakiuliza maswali akakuta wanasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumchagua mwingine au kujibu wenyewe, na walipojizuia mpaka sekunde 3 watoto wakaanza kutoa majibu marefu zaidi na walioongea wakawa wengi zaidi. Sekunde 3! Kwenye swali la wazi mimi nahesabu moyoni mpaka kumi, na bado mara nyingine mdomo unaniwasha.

Kutoka kwa hao Wajapani nimechukua pia swali moja ambalo naliweka juu kabisa kwa madarasa ya juu. Wachezaji watatu wamerusha gololi tano tano, unawaonyesha mchoro wa gololi zilivyotawanyika, ambaye zake zimetawanyika kidogo ndo mshindi. Nani kashinda, na utapimaje mtawanyiko kwa namba? Nilidhani watashangaa tu. Mmoja kasema unganisha nukta upate umbo kisha pima eneo. Jirani yake kamuuliza na zikiwa zimekaa mstari mmoja je? Eneo sifuri, ila gololi ziko mbalimbali, kwa hiyo kipimo chako kinadanganya. Mwingine kasema pima umbali wa zile mbili zilizo mbali zaidi. Mwingine duara dogo linaloweza kuzifunika zote. Mwingine pima kila mstari kati ya gololi na gololi ujumlishe. Kila kipimo kina uzuri wake na kasoro yake, na watoto ndo walizitaja zote mbili. Tulipofika kwenye takwimu baadaye na mtawanyiko ukaja na kanuni yake rasmi, hakuna aliyeuliza hii ya nini, walishahangaika nayo kabla.

Kasoro za NRICH sasa, maana zipo. Kubwa ni lugha. Karibu kila kitu ni Kiingereza, na maswali mengine yana hadithi ndefu, kwa hiyo mtoto anakwama kwenye maneno kabla hajaifikia hesabu. Mimi nayaandika upya kwa Kiswahili usiku wa kuamkia somo, na inachukua muda kwa sababu swali la wazi likitafsiriwa vibaya linafungika. Neno moja tu linatosha. Ukiandika "tafuta jibu" badala ya "tafuta majibu" umeshaharibu, wataleta moja na kuweka kalamu chini. Pili, madaraja yao yamefuata mfumo wa shule za Uingereza kwa hiyo usiyaamini kwa kuangalia juu juu, soma swali, lifanye mwenyewe kwa kalamu, ndo uamue linafaa darasa lipi. Nyota za ugumu wanazoweka zinasaidia kiasi, ila kuna swali la nyota moja liliwahi kunila vipindi viwili. Tatu, siyo kila swali mle ndani ni la wazi, mengine ni mafumbo yenye jibu moja, mazuri tu ila siyo kitu hiki tunachoongelea, ukiyachanganya utajiuliza mbona leo mjadala haukuwaka. Nikipewa nyota tano nitoe, natoa nne, na ile moja ninaizuia kwa ajili ya lugha tu.

Kuhusu muda na mtihani, nijibu moja kwa moja. Sifanyi hivi kila siku. Kuna vitu vinataka mazoezi ya kawaida, mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha hata swali la wazi litamchosha, anakaa anahesabu vidole wenzake wako kwenye wazo. Natumia mara moja kwa wiki, mara nyingine mara mbili, mwanzoni mwa mada au mwishoni, katikati nafundisha kama kawaida. Na siku nyingine sihitaji hata kufungua NRICH, nachukua swali la kitabu cha kawaida naligeuza nyuma mbele. Kitabu kinasema tafuta wastani wa namba tano hizi, mimi nasema wastani wa namba tano ni 6, namba zenyewe zinaweza kuwa zipi? Dakika kumi tu. Wengine wataandika 6, 6, 6, 6, 6 na watacheka, sawa, ni sahihi, halafu unaongeza sharti, zote ziwe tofauti, halafu jingine, ya katikati iwe 4. Mtoto anayeweza kupanga hizo hawezi kushindwa swali la wastani la mtihani, anajua kwamba jumla lazima iwe 30 na anaweza kuicheza anavyotaka.

Kusahihisha nako watu wananiuliza. Wajapani waliangalia mtoto katoa majibu mangapi, yana njia ngapi tofauti, na kama kuna wazo jipya ambalo wengine hawakulifikia. Mimi nimechukua hayo matatu nayaandika pembeni ya daftari kwa maneno, siyo kwa alama. Mfano "majibu 9, ila yote njia moja, jaribu njia nyingine". Mtoto akisoma hivo anajua afanye nini, tofauti na 9 juu ya 10.

Ukitaka kuanza na usijue uanzie wapi, anza na Magic Vs, halafu nenda Summing Consecutive Numbers. Hili la pili linauliza ni namba zipi zinaweza kuandikwa kama jumla ya namba zinazofuatana. 9 ni 4 na 5, pia ni 2, 3 na 4. 15 ina njia tatu, 7 na 8, au 4, 5 na 6, au 1 mpaka 5. Watoto wanaenda wee mpaka wanagundua kuna namba zinakataa kabisa, 2 inakataa, 4 inakataa, 8, 16, 32. Sisi tulilifanya wiki iliyopita tukaishia hapo, nikawaachia waende nyumbani wakafikirie kwa nini hizo.

Juzi asubuhi kabla ya kengele kaja mmoja, yule binti wa pembetatu, na karatasi imejaa pande zote mbili. Kaniambia mwalimu mbona hukusema lazima tuanzie sifuri kwenda mbele, mimi nimerudi nyuma. Kaandika -1 + 0 + 1 + 2. Nikajumlisha, 2. Chini yake -3 + -2 + -1 + 0 + 1 + 2 + 3 + 4. Hiyo ni 4. Kaniuliza, kwa hiyo zinakubali zote? Nikampa chaki.